Risala ya Kikundi cha Vijana wa Mpira wa Magongo wa Viatu vya Matairi, Mbeya, kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa kata na mtaa,
Viongozi wetu wa dini,
Wazazi na walezi,
Wanamichezo wenzetu mliotoka Iringa na Tunduma,
Mabibi na mabwana,
Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama na kutuzuilia mvua tangu asubuhi, maana mwezi huu wa Aprili wingu likishakaa juu ya mlima Loleza hakuna anayejua litashuka saa ngapi. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa. Tunajua ratiba yako ni nzito, na bado umekuja kutufungia mashindano yetu ya wanaume ya timu nne. Kwa lugha ya wazee wetu wa Rungwe tunasema ndaga fijo. Waswahili nao wamesema mgeni njoo mwenyeji apone. Umeshakuja, na sisi wenyeji tutakueleza tunapoumwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza mwaka 2014 kikiwa na vijana sita na jozi nne za viatu vya matairi. Muasisi wetu alikuwa utingo wa lori la masafa. Huko Maputo aliwaona watoto wakicheza mpira wa magongo juu ya magurudumu, akarudi na viatu hivyo kwenye gunia. Leo tuna wanachama 64, cheti cha usajili na katiba. Historia iliyobaki imo kwenye kabrasha ulilokabidhiwa, hatutakuchukulia muda.

Kwa wazazi ambao leo ni mara yao ya kwanza kuuona mchezo huu, tuseme machache. Timu huingiza uwanjani wachezaji watano, mmoja wao kipa, na wengine watano hukaa benchi. Kila mmoja amevaa viatu vyenye magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma. Mpira ni mgumu na mdogo, mzunguko wake sentimita 23 na uzito gramu 155, na unapopigwa na mtu mzima unakwenda kwa kasi ya kutisha. Ndiyo maana kipa wetu mmemwona amejifunika kila mahali. Goli lina upana wa mita 1.70 na kimo cha mita 1.05. Wanaume hucheza vipindi viwili vya dakika 25, na mpira ukisimama saa nayo inasimama.

Wapo waliotuuliza kama mchezo huu tumeubuni sisi wenyewe hapa Mwanjelwa. Hapana. Mashindano ya dunia ya wanaume yalianza mwaka 1936 mjini Stuttgart, Ujerumani, na Uingereza ikawa bingwa wa kwanza. Baadaye Ureno, Hispania, Italia na Argentina wakautawala. Mwaka 1992 mchezo huu ulikuwamo kwenye Olimpiki ya Barcelona kama mchezo wa maonyesho. Argentina iliwafunga Wahispania nyumbani kwao kwenye fainali, na timu ya Angola ilikuwapo.

Tunaomba usikie zaidi habari za jirani zetu, Mheshimiwa. Mwaka 2011, kwenye mashindano ya dunia yaliyofanyika San Juan, Argentina, Msumbiji ilishika nafasi ya nne. Nafasi ya nne ya dunia, nyuma ya Hispania, Argentina na Ureno tu! Hao ni watu tunaopakana nao kwa mto Ruvuma, wanaokula ugali na samaki kama sisi. Mwaka 2013 mashindano hayo yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, timu 16, katika miji ya Luanda na Namibe nchini Angola. Angola ilikuwa imetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 2002. Miaka kumi na moja tu baadaye walikuwa wamejenga kumbi mpya kwa ajili ya mchezo huu, na ule wa Namibe wakaupa jina la mmea wa jangwani kwao, Welwitschia. Hispania ndiyo iliyochukua kombe, lakini kumbi zilibaki kwa watoto wa Angola. Sisi tunapowaza mashindano ya dunia, Mheshimiwa, hatuwazi kombe. Tunawaza ile sakafu iliyobaki baada ya wageni kuondoka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na ugumu wa mazingira, kikundi kimepata mafanikio makubwa. Tumekuwa mabingwa wa Nyanda za Juu Kusini kwa miaka mitatu mfululizo, tukiwashinda ndugu zetu wa Iringa ambao leo wako hapa na wanakubali. Tumecheza mechi ya kimataifa dhidi ya vijana wa Karonga, Malawi, na kutoka nao sare ya 3–3. Tumetoa mafunzo kwa shule mbili za msingi. Magongo tunayatengeneza wenyewe kwa mti wa mpera, na kipimo chake hakizidi sentimita 115 kama kanuni zinavyotaka. Vijana wetu wanne wameacha kukaa vijiweni na sasa ni makocha. Hayo yote tumeyafanya bila kuwa na uwanja, na hapo ndipo penye kilio chetu.

Tunaomba sakafu.

Katika miaka yote hii tumefanya mazoezi mahali pa namna tatu. Kwanza ni barabara ya lami, Jumapili alfajiri kabla malori ya Tunduma hayajaanza kupita. Tuliacha siku lori la mafuta lilipokata kona na watoto kumi na mmoja wakiwa katikati ya barabara. Hakuna aliyeumia, lakini wazazi walioshuhudia hawajasahau na sisi hatujasahau. Pili ni sakafu ya soko usiku, wafanyabiashara wakishafunga. Hapo maganda ya ndizi na maji ya samaki yanateleza, na mlinzi ana haki ya kutufukuza. Tatu ni ghala la kukodi, ambalo sakafu yake ina nyufa. Watu hawalielewi jambo la ufa mpaka wavae viatu hivi. Gurudumu lake ni dogo kuliko kikombe cha chai. Likiingia kwenye ufa linasimama pale pale, na mtu anaendelea kwenda. Mwaka jana kijana wetu wa miaka 16, kiungo tuliyemtegemea, alivunjika mkono namna hiyo. Mama yake yuko hapa leo. Hakututenga, aliendelea kutupikia uji wa mazoezi, lakini aliuliza swali ambalo kamati imeshindwa kulijibu: mtamchezesha wapi akipona?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uwanja wa kawaida wa mchezo huu ni mita 40 kwa mita 20, umezungushiwa ukuta mfupi wa mita moja, na pembe zake zimeviringwa ili mpira usikwame. Eneo tunalo. Mtaa ulitutengea kiwanja na barua yake tumeiambatanisha. Tumekaa na mafundi wetu wa hapa hapa, tukapiga hesabu bila kuongeza chumvi. Mita 40 kwa 20 ni mita za mraba 800. Zege la unene wa sentimita 10 linafika mita za ujazo 80. Kwa sakafu yote pamoja na ukuta tunahitaji mifuko 600 ya saruji, matofali 1,200, wavu wa chuma wa kulaza chini ili zege lisipasuke, kokoto na mchanga, na mashine ya kulainisha kwa siku tatu. Kokoto wazazi wenye malori wamekubali kusomba bure. Maji tunayo. Nguvukazi unaiona mbele yako, watu 64 wenye miguu na mikono. Hatuombi paa, ingawa mvua ya Mbeya inaanza Novemba na kutuachia mwishoni mwa Aprili. Hatuombi viti wala taa. Paa tutalitafuta wenyewe miaka ijayo.

Tunaomba radhi kwa tutakayoyasema sasa. Tunayasema kwa heshima.

Mwaka 2017 kiongozi aliyekaa kwenye kiti ulichokalia leo alitutangazia kwamba sakafu itakuwa imekamilika kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Tulipiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele, tukamkabidhi mchele wa Kyela. Mwaka wa fedha ukaisha, na mingine baada yake. Mwaka 2019 mgeni mwingine aliahidi mifuko 300 ya saruji. Ilifika 40. Tunashukuru kwa hiyo 40 na tumeitunza kumbukumbu yake, lakini 40 haimwagi uwanja. Ilikaa stoo ikisubiri wenzake, unyevu ukaingia, na mifuko 16 iliganda ikawa mawe. Iliyobaki tulijengea msingi wa upande mmoja, ule mnaouona pale umeota majani. Mwaka 2022 tuliahidiwa mtaalamu wa kupima. Alikuja kweli, akapima, akapiga picha, tukasaini karatasi ya mahudhurio. Mchoro hatujauona hadi leo. Tulipofuatilia katika ofisi moja kuhusu ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo sehemu yake ni ya vijana, tuliambiwa mchezo si biashara, tukafuge kuku. Hatudharau kuku. Lakini vijana hawa hawakujiandikisha kufuga.

Hatumshtaki mtu, Mheshimiwa, na wala hatukuhesabii deni la wengine. Ahadi ni deni la aliyeitoa. Tunachoomba ni kwamba wewe usituahidi jambo ambalo moyoni unaona ni zito. Ukituambia leo, mbele ya wazazi hawa, kwamba mifuko 600 huiwezi ila 100 unaiweza, tutafurahia hiyo 100 kuliko 600 ya maneno. Mtoto aliyesikia ahadi ya mwaka 2017 akiwa na miaka 12 ni mtu mzima sasa. Wawili wa kundi lile wameacha mchezo. Mmoja ni bodaboda pale Kabwe, na kila akikutana na Mwenyekiti wetu anauliza kwa nia njema kabisa, "Kaka, sakafu imefika wapi?"

Kuna jambo la haraka zaidi. Serikali ya mtaa imetuambia kwamba kiwanja kikikaa bila ujenzi hadi mwisho wa mwaka huu, kitarudishwa na kugawiwa kwa vibanda vya biashara. Hatuwalaumu, ardhi ya mjini haikai bure. Lakini hesabu yake ni hii. Zege halimwagwi kwenye mvua. Juni na Julai baridi yetu ni kali, na fundi anasema zege litachelewa kukomaa na litahitaji kufunikwa na kumwagiliwa siku nyingi zaidi. Miezi ya uhakika ni Agosti, Septemba na Oktoba. Saruji isipokuwa kiwanjani ifikapo Agosti, mvua za Novemba zitatukuta na majani yale yale, na Januari hakutakuwa na kiwanja cha kukuombea.

Mahitaji mengine tunayataja kwa kifupi ili yasifunike hili: viatu jozi 20 vya watoto, vifaa vya kipa seti mbili, kozi ya waamuzi, na kutambuliwa rasmi na ngazi za michezo za mkoa ili timu ikialikwa nje ya mipaka isizuiwe kwa kukosa barua. Hayo yanaweza kusubiri. Sakafu haiwezi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nchi yetu pamoja na Kenya na Uganda inaandaa AFCON ya mwaka 2027, na sisi ni wapenzi wa soka kama Watanzania wote, Sokoine tunakwenda. Hatuombi fungu la soka lipunguzwe hata shilingi. Tunakumbusha tu kwamba Msumbiji walifika nafasi ya nne ya dunia kwa mchezo wa wachezaji kumi na uwanja ambao ungeenea nyuma ya goli moja la Sokoine. Katika michezo yote inayochezwa duniani, huu ndio ambao jirani yetu wa kusini ametuonyesha kwa macho kwamba mtu wa ukanda huu anaweza kuufikia.

Baada ya risala hii vijana watakuonyesha mchezo wa dakika kumi kwenye sakafu ya mbao tuliyoiazima kanisani, inayotakiwa kurudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ni vipande 48, vimeunganishwa tangu saa tisa usiku. Ukiwaona wanapunguza mwendo katikati, si uoga. Pale ndipo vipande vinapokutana.

Kisha Mweka Hazina ataleta mezani kwako daftari la ahadi. Ni daftari lile lile la mwaka 2017, na kurasa zilizotangulia hatukuzichana. Kwenye ukurasa wako tumeacha nafasi tatu: idadi ya mifuko, tarehe ya kufika kiwanjani, na namba ya simu ya mtu wa ofisini kwako ambaye Katibu wetu atampigia tarehe hiyo ikifika. Tunakuomba uzijaze kwa mkono wako kabla ya kugawa zawadi kwa washindi.

Mchele wa Kyela umeshawekwa kwenye gari.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama wote.