Baba Neema, rudi kwa wale uliowapimia

Mwanza, Jumapili jioni

Mpendwa Baba Neema,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nilikabidhiwa na mdogo wako aliposhuka melini, nikaisoma palepale bandarini nikiwa nimesimama. Umefanya vizuri kuandika. Mambo haya si ya kumalizana kwenye simu, salio likakatika katikati ya neno. Nimekaa nayo wiki nzima, nimeiombea, sasa nakujibu.

Unaniuliza mambo mawili, ingawa umeyaandika kama moja. Unauliza kama kweli uliokoka usiku ule wa mkutano wa injili, maana furaha ya mwanzo imepoa na hasira imerudi nyumbani. Halafu kuna zile kilo. Nianze na kilo, kwa sababu naona ndizo zinazokunyima usingizi.

Umeniandikia wazi kabisa: kwamba ulipokuwa karani kwenye mizani ya chama cha ushirika cha wakulima, kila gunia la kahawa ya maganda, ile isiyokobolewa, ulikata kilo nyingi kuliko uzito wa gunia lenyewe, na zilizozidi ukazipeleka kwenye jina la ndugu yako. Na yule mama mjane wa bondeni, ulinunua kahawa yake kwa butura, yaani ikiwa bado ni maua mtini, mwanawe akiwa amelazwa, kwa bei ambayo wewe mwenyewe unaiita aibu. Halafu unasema wapendwa wamekutuliza kwa kukwambia ya kale yamepita, tazama yamekuwa mapya, usifukue yaliyozikwa.

Ndugu yangu, neno hilo ni kweli na mimi nalishika. Lakini Paulo pale anamsema mtu aliye ndani ya Kristo, kwamba amekuwa kiumbe kipya. Hasemi kwamba fedha ya mjane imepita. Kwake yule mama hakijapita chochote. Msimu ule alitegemea kahawa ile kwa ada na kwa bati la jikoni, na mpaka leo jikoni kwake kunavuja. Msamaha wa Mungu umefuta deni lako mbele za Mungu. Haukukupa ruhusa ya kubaki na kilicho cha mtu mwingine.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana upande wa pili wa njia nao una shimo. Usije ukadhani unarudisha ili usamehewe. Fungua Luka sura ya 19 usome polepole habari ya Zakayo, uangalie nini kilitangulia. Yesu alisimama chini ya ule mkuyu akamwita kwa jina lake, akamwambia shuka upesi, leo imenipasa kushinda nyumbani mwako. Watu wakanung'unika. Zakayo alikuwa hajatoa hata senti moja. Alipokelewa kwanza, akiwa bado na mali ya watu mfukoni, na kupokelewa huko ndiko kulikomfungua mikono hadi akasema nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne. Hakuna aliyemwomba. Torati ya Walawi ingemtaka arudishe mali yenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Yeye alivuka mpaka huo kwa furaha. Hiyo ndiyo toba ninayokuombea. Toba ya woga huhesabu kiasi kidogo kabisa kitakachoitosha dhamiri inyamaze. Ya Zakayo haikuwa hivyo.

Wewe na mimi tumezaliwa katika nchi iliyoyaona mambo haya. Wazee wetu waliuita Uamsho. Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe kule Kampala, Joe Church, tabibu Mwingereza aliyekuwa amechoka na kazi yake Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakakaa na Biblia wakiomba pamoja. Church akarudi hospitalini kwake Gahini. Pale Gahini msaidizi wake mkuu, Yosiya Kinuka, hakuwa na amani, na kazi haikwenda. Baadaye Kinuka alisafiri kumwona Nsibambi, na Nsibambi alimwonyesha kwamba shida ya hospitali ile imo moyoni mwake yeye Kinuka. Ebu fikiri, mtu ametoka Rwanda mpaka Kampala kwenda kuambiwa hivyo! Alirudi Gahini akatubu, akatengeneza na watu aliokuwa akifanya nao kazi. Kutoka kwa watu kama hao moto ukaenea Uganda, Burundi, Kenya, na kwetu Buhaya, mkoani Kagera. Waliookoka wakarudisha walichoiba, vifaa vya kazi, mifugo, fedha, wakaenda kwa mabwana na majirani kusema nilichukua hiki. Askofu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa mtu wa Uamsho huo huo.

Bibi yangu alikuwa miongoni mwao, unamkumbuka. Alinisimulia habari ya jirani aliyesogeza mpaka wa kibanja, yaani shamba la migomba, baada ya babu kufa. Aling'oa milamula, ile mimea ya kuonyesha mpaka, usiku akaipanda hatua kadhaa ndani ya migomba ya bibi, na bibi, mjane mwenye watoto wadogo, alinyamaza. Miaka ikapita. Asubuhi moja yule mzee akaja na jembe begani, amewaleta watu wawili wa ushirika wa waliookoka wawe mashahidi. Hakuhutubu. Alimwamkia bibi, akasema, "Mama, mpaka si huu," kisha akaenda kuing'oa milamula mmoja baada ya mwingine, ikiwa imekwisha kuwa minene, akaipanda upya mahali pake pa zamani huku jasho likimtiririka. Migomba yake mwenyewe iliyobaki upande wa bibi hakuigusa, wala hakuidai. Alipomaliza bibi akamletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni wa heshima, wakatafuna pamoja. Bibi aliniambia kwamba kabla ya siku ile alikuwa ameshindwa kumsamehe, kila Jumapili akikwama kwenye "utusamehe deni zetu". Unaona, Baba Neema? Yule mzee hakujifungua peke yake. Yule mama wa bondeni naye huenda amebeba mzigo ambao wewe tu ndiwe uwezaye kumtua.

Kuhusu namna ya kufanya, nakushauri hivi. Usisimame kanisani kuungama mbele ya kila mtu. Najua katika mikutano mingine ndivyo wanavyosisitiza, na hata wakati wa Uamsho wapo waliozidisha, wakamwaga hadharani mambo yaliyowaumiza wake zao na watoto wao. Ungamo liende mpaka pale dhambi ilipofika, lisivuke. Ulichomfanyia mjane, kamwambie mjane. Ulichokifanyia chama, kawaambie mwenyekiti na kamati. Lakini kwanza kabisa mwambie Mama Neema, maana fedha itatoka nyumbani kwenu, na haifai ashtukizwe na habari za mumewe kisimani.

Kaa naye na daftari. Andika wale unaowakumbuka, msimu kwa msimu, na palipo na shaka ongeza badala ya kupunguza. Wengine wamekwisha kufariki. Walipe watoto wao. Mjane umpe tofauti ya bei ya butura na bei ya chama ya msimu ule, na uongeze juu yake. Hutaweza kulipa yote mara moja, mwambie hivyo, umpe tarehe, kisha uishike tarehe hiyo. Na ukifika, sema kwa sentensi fupi: nilikupunja, naomba unisamehe, hiki ni chako. Usieleze kwamba na makarani wengine hufanya, wala kwamba mshahara ulikuwa mdogo. Maelezo ya namna hiyo humrudishia aliyeonewa kazi ya kukufariji wewe.

Huenda chama kikakuachisha kazi. Huenda wakakufikisha mbali zaidi ya hapo. Sitakuficha, inawezekana, nami sitakuahidi kwamba kila mlango utafunguka kwa sababu umetubu. Ninachokijua ni kwamba Bwana hatakuacha ukiwa ndani ya jambo hilo.

Na kama watakuacha kazini, msimu ukianza utasimama tena kwenye mizani ileile. Hapo ndipo utakapokuwa mwanafunzi wa Yesu, zaidi ya ulivyokuwa kwenye kwaya. Watoza ushuru walipomwuliza Yohana Mbatizaji, tufanye nini sisi, hakuwaambia waache kazi wamfuate jangwani. Alisema, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Basi. Acha mkulima aione saa ya mizani kwa macho yake, pima gunia tupu mbele yake, msomee namba kwa sauti, mpe risiti yake. Fanya hivyo kwa gunia la kwanza na la mwisho la jioni, wakati umechoka na foleni inapiga kelele.

Sasa hasira. Unasema ulimfokea kijana wako mkubwa mpaka akalala bila kula, ukajiambia wokovu wangu ulikuwa wa jukwaani. Usiseme hivyo. Mtazame Petro. Alimkana Bwana mara tatu, akalia kwa uchungu, na kando ya bahari Bwana akamwuliza mara tatu kama anampenda, akamkabidhi kondoo. Akajazwa Roho siku ya Pentekoste. Na bado, miaka baadaye kule Antiokia, aliwaogopa watu, akajitenga na mezani pa Mataifa, hata Paulo akamkemea mbele ya wote. Imo katika Wagalatia sura ya 2. Petro hakuwa ameacha kuwa wa Bwana. Alikuwa bado anafundishwa. Imani yako imemshika Kristo, haikushika ile furaha ya mwezi wa kwanza. Furaha huja na kupungua, naye yupo.

Lakini usimwache kijana hivi hivi. Jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka, ndivyo tulivyoambiwa. Mwite kabla ya chakula cha usiku, mkae kwenye jamvi, umwombe radhi kwa jina lake. Najua kwetu baba hamwombi mtoto radhi. Mwombe. Atajifunza injili kwako siku hiyo kuliko kwa mwalimu wa kipaimara.

Kila asubuhi kabla ya kugusa simu soma kifungu kifupi cha Luka, kisha umwombe Mungu kwa jambo lile lile ulilosoma. Na usiishi wokovu peke yako. Jumuiya ya nyumba kwa nyumba usiikose, hata kama ni watu watano na taa ya chemli. Tafuta humo mzee mmoja anayeweza kukuuliza swali gumu ukamjibu kweli, ukutane naye kila wiki.

Nimeomba ruhusa kazini. Nitapanda meli ya Alhamisi ijayo, nishuke bandari ya Kemondo asubuhi. Ukitaka, Ijumaa twende wote kwa yule mama. Nitakaa kimya, utasema wewe. Uwe umekwisha kuzungumza na Mama Neema, na daftari liwe tayari. Mimi nitaleta kiasi kidogo nilicho nacho, uongeze kwenye deni la kwanza, na hilo tusilijadili.

Msalimie Mama Neema na watoto wote. Nawaombea kwa majina.

Ndugu yako katika Bwana,
Baba Amani