Jumamosi: tufunge kamera za kuongozea mchana

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi tunafunga vile vifaa vya kuongozea vya pembeni, vyenye prizimu ndogo inayochota mwanga wa ukingoni mwa darubini na kuupeleka kwenye kamera ya pili, yaani kamera ya kuongozea, inayotazama nyota moja ili darubini iifuate anga bila kuyumba tunapopiga picha. Naomba sana mfike saa tisa alasiri. Kutafuta fokasi ya kamera hiyo gizani kunaweza kula usiku mzima, na usiku usio na mawingu ni wa thamani.

Tutaelekeza darubini kwenye mnara wa mbali, jua likiwa nyuma yetu. Fokasi ya kamera kuu kwanza. Ikishatulia, usiiguse tena darubini: sogeza kamera ya kuongozea yenyewe mpaka mnara uonekane vizuri. Umbali kutoka prizimu hadi sensa zote mbili lazima ulingane. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa hiyo leteni ringi zote za nafasi mlizonazo. Wenye lenzi sahihishi (ya kunyoosha picha pembeni) inayotaka nafasi ya milimita 55 hadi kwenye sensa wakumbuke kuwa kifaa hiki kinakula sehemu ya nafasi hiyo.

Prizimu ikae upande mrefu wa sensa. Picha ikiwa na kivuli ukingoni, ipandishe prizimu kidogo.

Usiku tutafanya kalibresheni ya PHD2, yaani kuifundisha programu hiyo ya kuongozea jinsi darubini inavyosogea, karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia), ambayo kwetu hupita karibu na utosi. Nyota zitakuwa hafifu, basi anzeni na sekunde 2 au 3 kwa kila picha ya kuongozea. Ukizungusha kifaa kutafuta nyota nyingine, rudia kalibresheni.

Nani ana ringi za ziada? Aseme hapa kabla ya Ijumaa.