Moldova: asasi za vijijini na vijana waitwe sheria ikiwa bado rasimu

Ndugu Mhariri,

Safari ya Moldova kuelekea Umoja wa Ulaya mara nyingi huandikwa kana kwamba ni shauri la wakubwa wa Chişinău, mji mkuu wa Moldova, na wa Brussels, yaliko makao ya Umoja, peke yao. Kura ya maoni kuhusu lengo hilo la kujiunga, ya tarehe 20 Oktoba 2024, ilitoa picha nyingine. Ndiyo ilipata asilimia 50.35, na pengo kati ya pande mbili lilikuwa kura elfu kumi na kidogo tu. Kura zilizopigwa ndani ya nchi zilielemea upande wa hapana; Wamoldova walioko ng'ambo ndio waliogeuza matokeo. Huko Gagauzia, jimbo lenye utawala wake wa ndani, watu kama 95 katika kila 100 walikataa. Serikali ililaumu fedha za Urusi za kununua kura, na lawama hiyo ina uzito. Lakini uvumi hupata pa kukaa pale ambapo hakuna mtu aliyefika mapema kueleza.

Ombi letu ni kwamba asasi za wilayani na vijana waingie wakati sheria ingali rasimu. Kuwaita baada ya bunge kupitisha, wakagawiwe fulana na vipeperushi, ni kuwachosha bure.

Majadiliano ya kujiunga yana sura 35, nyingi zikiwa zimepangwa katika mafungu sita. Kwa Moldova, upembuzi wa sheria, yaani kulinganisha sheria za nchi na za Umoja, ulianza Julai 2024 ukakamilika Septemba 2025. Baada ya hapo wizara huandika rasimu za kuziba mapengo, na mlango wa wananchi uko hapo. Sheria namba 239 ya mwaka 2008 inaitaka mamlaka kutangaza rasimu angalau siku 15 za kazi kabla ya kuikamilisha. Kwenye karatasi hilo linatosha. Shida ni kwamba rasimu hizi huwa ndefu na zimejaa marejeo ya kanuni za Ulaya, tena tangazo hukaa kwenye tovuti. Chama cha wafugaji wa nyuki cha wilaya ya Taraclia, ambako wengi ni Wabulgaria, kitaipata habari rasimu ikiwa tayari bungeni.

Dawa yake haina gharama kubwa. Kila rasimu iambatane na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kirumania na Kirusi, na Kigagauzi inapohitajika, ukieleza nini kinabadilika, kwa nani, kuanzia lini na kwa gharama ya nani. Upelekwe kwenye wilaya zote 32. Asasi nazo zijibu kwa jedwali: ibara ipi, maneno yaliyopo, maneno yanayopendekezwa, sababu. Barua inayosema "tunapinga" na kuishia hapo haina mahali pa kushikika. Safu ya tano iwe ya wizara: limekubaliwa au limekataliwa, na kwa nini. Safu hiyo ikibaki tupu, watu hawaji mara ya pili, na hatuwalaumu.

Mfano wa chakula unaonyesha faida yake. Wengi vijijini wameaminishwa kwamba Ulaya itapiga marufuku jibini na mvinyo wa nyumbani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya usafi wa chakula, namba 852 ya mwaka 2004, haihusu kabisa chakula cha matumizi ya nyumbani. Mkulima anayemuuzia mlaji moja kwa moja mazao ghafi kwa kiasi kidogo naye yuko nje ya kanuni hiyo, na nchi ndiyo humwekea masharti yake. Upo pia mwanya wa kulinda njia za asili za kutengeneza vyakula, ila ni lazima serikali iuombe na iutolee taarifa. Wazalishaji wadogo wakikaa kimya, ofisa atanakili masharti ya kiwanda kikubwa kwa sababu ndiyo njia rahisi kwake.

Majitaka ni mazito zaidi. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1991 liligusa makazi kuanzia mzigo wa majitaka unaolingana na watu 2,000. Agizo jipya la 2024 limeshusha kiwango hicho hadi 1,000. Hapo vijiji vingi vinaingia. Rumania, iliyojiunga mwaka 2007, ilipewa muda wa mpito, yaani nafasi ya kuchelewa kutimiza masharti, hadi mwisho wa 2018 kwa majitaka ya miji. Ili Moldova iombe muda wa kweli, inahitaji kujua nyumba ngapi zina choo cha shimo, ngapi zimebaki na wazee peke yao, na kila kaya inaweza kulipa kiasi gani kuunganishwa. Bila takwimu hizo bomba kuu litapita barabarani na nyumba zisiungwe, kwa kuwa gharama ya kutoka bombani hadi uani imeachiwa mwenye nyumba. Hesabu ya namna hii vijana wa kijiji wanaiweza: dodoso la ukurasa mmoja, simu, na mhandisi wa wilaya wa kuihakiki.

Fedha ndiyo sehemu inayokwamisha. Ruzuku kubwa za Ulaya hudai maombi ya kurasa nyingi, mara nyingi kwa Kiingereza, pamoja na historia ya hesabu zilizokaguliwa, kwa hiyo huchukuliwa na mashirika ya mji mkuu. Njia ipo: shirika kubwa likipata ruzuku linaweza kugawa ruzuku ndogo, kwa kawaida zisizozidi yuro 60,000 kwa kila mpokeaji. Kijijini hata yuro 3,000 zinatosha kazi ya miezi kadhaa, mradi zitolewe mwanzoni. Kikundi kisicho na akiba hakiwezi kutumia kwanza kisha kisubiri kurejeshewa.

Kwa vijana kuna mtego wa umri. Sheria ya Moldova inamhesabu kijana kuanzia miaka 14 hadi 35, lakini mabadilishano ya vijana ya Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa elimu na vijana, ni ya miaka 13 hadi 30. Aidha, kwa kanuni za mpango wa 2021 hadi 2027, kikundi cha Moldova hushiriki mabadilishano hayo kama mshirika, na mwombaji huwa shirika la nchi mwanachama au nchi iliyojiunga na mpango. Kikundi cha mji kama Comrat au Soroca kitafute mshirika huyo miezi mingi kabla ya tarehe ya mwisho.

Montenegro iliweka asasi ndani ya vikundi kazi tangu ilipoanza majadiliano mwaka 2012, na Serbia ikaunda jukwaa la asasi liitwalo Mkutano wa Kitaifa kuhusu Umoja wa Ulaya mwaka 2014 kwa kufuata mfano wa Slovakia. Moldova ikiiga, itoe kiti pamoja na nyaraka, siku kumi kabla ya kikao. Na vikao vya mtandaoni viwekwe Jumapili, vijana walioko kazini ng'ambo wanapokuwa na nafasi ya kuzungumza na vijiji vyao.

Ni sisi wasomaji wako.