Ile meseji yako ya Maitreya

Somoe shosti yangu,

Asalaam aleikum. Za huko Dar, za joto, mwanao kashaanza kutembea au bado anasota? Sie huku Mtwara wazima, mabibo yashaanza kudondoka na mtaa mzima unanuka ule utamu uliochacha, we unaujua. Hela ya korosho tuliyouza mnada wa kwanza bado haijaingia, kila tukiuliza tunaambiwa wiki ijayo, sa hivi hata siulizi.

Sasa nikujibu ile meseji ulonitumia usiku ukasema "soma hii utalia". Nimeisoma mara tatu, sijalia. Nimekasirika kidogo halafu nikaanza kuchimba, bando lote la wiki limeishia humo. Meseji inasema Budha alitabiri mwalimu atakayekuja baada yake, jina lake Maitreya, maana yake rehema, na Mtume wetu (s.a.w.) ameitwa rehema kwa walimwengu kwenye Suratul Anbiyaa aya ya 107, kwa hiyo ni yeye, kesi imefungwa. Nami mwanzo nilitaka kuamini, si inapendeza! Ila nikasema ngoja nione hao Mabudha wenyewe wanasemaje.

Kwanza nicheke. Unalikumbuka lile duka la vyombo karibu na soko, kwenye kaunta kuna kisanamu cha dhahabu cha mzee mnene anacheka, tumbo wazi, kajibebea na mfuko? Mwanangu wa mwisho tukipita pale lazima amtekenye kitovu. Mi siku zote najua ndo Budha yule. Kumbe siye! Budha mwenyewe ni Gautama wa India, huyu mnene ni mtawa wa Kichina anaitwa Budai, wa miaka ya 900 hivi, jina lenyewe maana yake mfuko wa nguo, na Wachina wanaamini alikuwa Maitreya kaja kinyemela. Yaani huyo tunayebishania, mwanangu anamtekenya kila Jumamosi.

Haya, utabiri wenyewe. Upo kwenye maandiko yao ya Kipali, lugha ya zamani ya India, sura ya 26 ya mkusanyo wa hotuba ndefu, na huko anaitwa Metteyya, jina linalotokana na metta, ule upendo wa kumtakia mtu heri, na ndani yake kuna neno la rafiki. Siyo rehema moja kwa moja kama meseji inavyosema, ila tuseme vinakaribiana. Kilichonishika ni hadithi inavyoanza. Inaanza na mfalme aliyetawala vizuri kila kitu isipokuwa kimoja, hakuwapa maskini mali. Basi umaskini ukakua, mtu mmoja akaiba, akaletwa mbele ya mfalme akaulizwa kwa nini, akasema sina cha kula, mfalme akampa mtaji akamwambia kalee wazazi wako na watoto, ufanye na biashara. Watu wakasikia kumbe ukiiba unapewa mtaji, wakaanza kuiba (hapo nikacheka, nikakumbuka vikundi vyetu vya mikopo). Mfalme akaona aah, akaanza kukata vichwa, wezi nao wakatengeneza panga zao. Kutoka hapo ni kuteremka tu, kuua, uongo, umbea, zinaa, kutoheshimu mama na baba, na kila dhambi ikiongezeka umri wa watu unapungua, toka miaka 80,000 mpaka 10. Kumi, Somoe! Binti anaolewa ana miaka 5, asali na samli na chumvi ladha yake imepotea duniani.

Halafu zinakuja siku 7 watu wanaonana kama wanyama wa kuwindwa, panga zimewajia mikononi, wanachinjana. Ila wapo wachache wanaosema mi sitaki kuua wala kuuawa, wanakimbilia kwenye majani marefu, msituni, mapangoni, wanakula mizizi. Siku ya 8 wanatoka wanakumbatiana, "kumbe mzima we, mzima!" Hapo nilisimama kusoma, nikamkumbuka bibi alivyokuwa anasimulia watu walivyojificha porini enzi za Maji Maji, nikaenda kuchota maji kwanza.

Wale waliobaki wanakubaliana wasiue tena, na watoto wao wanaishi miaka 20, wajukuu 40, hivyo hivyo wanaacha uovu mmoja mmoja mpaka umri unarudi 80,000. Vijiji vinakuwa vingi mpaka jogoo anaruka toka kimoja hadi kingine. Hapo ndo anakuja Metteyya. Umeona? Dunia ishatengemaa ndo mwalimu anafika. Hamwokoi mtu panga likiwa shingoni, watu washajitengeneza wenyewe, yeye anakuja kuwafundisha ile njia iliyokuwa imesahaulika.

Sasa weka pembeni na ya kwetu. Mahdi, yule kiongozi tunayemsubiri mwisho wa dunia, kwenye hadithi za Abu Daud na Tirmidhi anakuja dunia imejaa dhulma, anaijaza uadilifu kama ilivyojazwa dhulma, jina lake ni jina la Mtume na la baba yake ni la baba yake Mtume (yaani Muhammad bin Abdallah, hapa Mtwara tu nimesoma na watatu). Na Nabii Isa anateremka kwenye mnara mweupe mashariki ya Damascus, mikono yake juu ya mbawa za malaika wawili. Hao wanakuja giza likiwa totoro. Tena Mahdi haleti dini mpya, mlango wa utume ushafungwa, Ahzab aya ya 40, yeye ni kiongozi. Mashia wengi wao wanasema keshazaliwa zamani, ndo imamu wa 12, yupo ghaibu, yaani kafichika. Kwa hiyo hata kusubiri kwenyewe siyo kumoja.

Na kuhusu Mtume kuwa ndo Maitreya, shosti, Mtume amefariki na miaka 63 na amekuja watu wanazika watoto wa kike hai. Miaka 80,000 iko wapi hapo? Meseji imechukua jina ikaacha hadithi. Mi sioni kama Mtume anahitaji cheti cha Mabudha, sie tunayo ya Isa kumbashiria Ahmad kwenye Suratu Saff, inatutosha.

Afu hicho kiti cha anayesubiriwa kina wagombea! China, Wu Zetian alipokalia ufalme mwaka 690 watu wake walieneza kuwa yeye ndo Maitreya, mwanamke huyo, nikampenda kidogo. Sudani Muhammad Ahmad akajitangaza Mahdi mwaka 1881, mwaka 1885 akachukua Khartoum, miezi michache tu akafa. Wabahai wanasema Maitreya kaja tayari, ni Bahá'u'lláh, mwanzilishi wa dini yao.

Nawe wa Lindi kabisa ndo unanitumia meseji bila kuikagua! Mwaka 1908 hapo hapo kwenu zilisambaa barua zinazosemwa zimetoka Makka, kiama kimekaribia watu watubu, Wajerumani wakaingiwa hofu maana Maji Maji imeisha jana yake tu. Ni ukoo mmoja na ile ya Sheikh Ahmad wa Madina aliyeota ndoto, "tuma kwa watu 20 usipotuma utapata msiba". Nishaitumiwa mwaka huu mara mbili, moja imetoka kwako.

Usinune. Nataka kitu, siku ukipita Upanga ingia lile hekalu la Wasinhala, Mabudha wa Sri Lanka, utavua viatu tu, wana mti uliotokana na ukoo wa ule Budha aliokaa chini yake. Angalia kama wana sanamu ya Metteyya. Nimesoma kwamba sehemu nyingi wanamchonga amekaa kwenye kiti miguu imeshuka chini, siyo kukunja kama Budha, eti yuko tayari kuinuka. Nipigie picha ya miguu.

Nimekutumia korosho kilo 2 na uduvi kidogo kwa basi la keshokutwa, mfuko mweusi umefungwa kamba nyekundu, uwahi kabla konda hajaufungua.

Wako,
Bi Zuhura wa Shangani