Karani wa Kibirizi ni wa nani?

Ng'ambo, Tabora

Rafiki yangu wa Ujiji,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, maembe yameanza kudondoka na mvua inatupa usingizi mzuri. Ujumbe wako nimeupata. Umesema kituo cha televisheni kinataka vipindi 13 vya vichekesho vya mhusika wako, yule karani wa bandari ya Kibirizi anayegonga mhuri kila kitu, na umeniuliza kuhusu kamera, kuhusu malipo na kama lafudhi yako ya Kiha itaeleweka Dar. Yote nitakujibu. Ila lipo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo naanza nalo: vipindi 13 vikiisha, karani atakuwa wa nani?

Unakumbuka Ze Comedy ilivyokuwa ikisimamisha watu barabarani usiku wa kipindi, enzi za kituo cha EATV? Wachekeshaji wake, Joti, Masanja, Mpoki na wenzao, walipohamia TBC walianza kuitwa Ze Orijino Komedi. Sura zilikuwa zile zile, jina si lile. Jina la kipindi ni mali kama nyumba, na mwenye nyumba ni yule aliyeandikwa kwenye hati.

Sasa mtazame Lucille Ball wa Marekani. Alipita kwenye filamu ndogo ndogo za Hollywood, kisha kwenye redio, ndipo kituo cha CBS kikamtaka kwa televisheni. Yeye na mumewe Desi Arnaz walitaka kipindi chao kishutiwe kwa filamu huko huko Hollywood, wakati ambapo vichekesho vingi vilirushwa moja kwa moja kutoka New York na kupotea hewani. Filamu ilikuwa ghali. Wakakubali kupunguziwa mshahara, kwa sharti kwamba kanda zote ziwe mali ya kampuni yao, Desilu. I Love Lucy ikaanza Oktoba 1951. Hakuna aliyedhani kipindi kilichokwisha kuonekana kina bei tena. Baada ya miaka michache CBS wenyewe walizinunua kanda zile kwa mamilioni ya dola, na mwaka 1957 Desilu ikanunua studio za RKO. Lucy alikuwa mchekeshaji hodari, hilo halina ubishi, lakini wachekeshaji hodari waliozeeka mikono mitupu ni wengi, huko na huku kwetu.

Kwa hiyo kabla ya kalamu kugusa karatasi, fanya haya. Nunua daftari kubwa umwandike karani wako: umri wake, mwendo wake, koti lake, maneno anayoyarudia, anachokiogopa, jinsi anavyopuliza mhuri kabla ya kuugonga. Ongeza miswada isiyopungua mitano iliyokamilika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hailindi wazo lililo kichwani. Inalinda kazi iliyokwisha kupewa umbo, kwa hiyo ukisimulia kichekesho barazani akakiandika mwingine, utapata tabu kujitetea. Daftari na miswada vipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Jina la kikundi lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kabla kituo hakijalitangaza. Bodi ya Filamu na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) nazo zina vibali vyao. Uliza mapema na weka risiti.

Kwenye mkataba wenyewe tafuta maneno matatu: "haki zote", "njia zote", "milele". Yakikaa pamoja katika sentensi moja, hiyo sentensi imekula karani wako. Omba iandikwe kwamba unawapa haki ya kurusha, mathalani mara mbili ndani ya miezi 12, kwa televisheni, na kwamba YouTube, matangazo ya biashara na kurudia kipindi kwa waigizaji wengine ni makubaliano mapya yenye malipo mapya. Angalia pia kama wamekuita mwajiriwa au mtoa huduma. Kazi ya mwajiriwa huelekea kuhesabika ya mwajiri. Kisha angalia malipo yanatolewa lini. "Baada ya kipindi kurushwa" ni mtego, kwa sababu kipindi kinaweza kukaa kabatini mwaka mzima na wewe umeshalipa mafundi. Dai theluthi wakati wa kusaini, theluthi ukikabidhi vipindi 6 vya kwanza, na iliyobaki siku ya kukabidhi cha 13. Wakikataa mgawo huo, basi angalau malipo yafuate kukabidhi, yasifuate kurushwa.

Nije kwenye Kiha chako. Lafudhi inafungua mlango, lakini haikai sebuleni. Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi, kule Kenya, aliwachekesha watu kwa miongo kadhaa kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na wengi waliamini ni Mjaluo. Jina lake ni Benson Wanjau, na kwa asili alikuwa Mkikuyu. Lakini hebu kumbuka ulikuwa ukicheka nini hasa: ubishi wake, majivuno yake, na jinsi mkewe Mama Kayai alivyokuwa akimmaliza. Ukimvua lafudhi, mzee mwenye majivuno anabaki. Fanya jaribio hilo kwa karani. Chukua muswada mmoja, uigize kwa Kiswahili kikavu cha taarifa ya habari. Kama hakuna anayecheka, basi ulichonacho ni lafudhi, mhusika bado hujampata.

Lipo na jaribio kali zaidi. Rowan Atkinson, yule Mr. Bean, alisomea uhandisi wa umeme mpaka shahada ya uzamili huko Oxford, na ana kigugumizi ambacho hupungua anapoigiza mtu mwingine. Bean alizaliwa jukwaani miaka kadhaa kabla ya televisheni. Mwaka 1987, kwenye tamasha la vichekesho la Montreal, Atkinson aliomba apangwe upande wa programu ya Kifaransa, ingawa maigizo ya Kifaransa hakuwa nayo. Alitaka kuona kama mwili peke yake utachekesha watu wasiotegemea maneno yake. Televisheni ilifuata 1990, na mfululizo mzima una vipindi 15 tu. Kumi na vitano! Kuna wanaoshuti idadi hiyo kwa miezi miwili, na mwaka unaofuata hakuna anayewakumbuka. Wewe huna haja ya Montreal. Teremka Kibirizi siku boti za Kongo na Burundi zinapakia, cheza dakika tano za karani bila neno hata moja mbele ya wachuuzi. Mahali watakapocheka, weka alama kwenye muswada. Mahali watakapogeukia mizigo yao, kata.

Sasa kamera, maana hapa ndipo vichekesho vingi vizuri hufia.

Nafasi ya nusu saa ina kama dakika 22 hadi 24 za kipindi, nyingine ni za matangazo. Uliza kituo dakika kamili na uandike kwa kipimo hicho. Usihesabu kurasa za daftari. Somaneni kwa sauti, na saa mkononi, kisha ongeza kama sehemu moja ya sita kwa ajili ya vitendo, maana kwenye kusoma hakuna anayetembea wala kutafuta miwani. Vipindi 13 vya dakika 22 ni dakika 286. Kwa kamera moja, kikundi kilichofanya mazoezi kinatoa dakika 5 au 6 zinazofaa kwa siku. Gawanya mwenyewe: ni siku 50 na ushee, na mvua hujaihesabu. Anayekuambia mtamaliza kwa wiki tatu anapanga kukushutisha mara moja moja bila kurudia.

Mpangilio wa kamera uwe picha 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Simu na kamera nyingi ndogo huja zimewekwa kwenye 30, na kwa umeme wetu wa hezi 50 taa za tyubu na balbu nyingi za bei rahisi zitacheza cheza kwenye picha kama mawimbi. Kwenye skrini ndogo hutaona. Utaona siku mhariri anapofungua kazi kwenye televisheni kubwa, wakati seti imeshabomolewa. Shati la mistari myembamba nalo huchemka kwenye picha, na jeupe sana hula mwanga wa uso. Mvike karani rangi ya maziwa au bluu iliyofifia.

Kwenu jua la utosi linafika karibu saa 7 mchana, na linazama nyuma ya milima ya Kongo kama dakika 40 baada ya Dar. Ratiba iliyopangwa Dar itakupotezea mwanga mzuri wa jioni, kwa hiyo panga mwenyewe. Mchana ule wa utosi macho huwa mashimo meusi, na mchekeshaji asiyeonekana macho ni sawa na redio. Mkikimbilia chini ya mwembe, jihadharini, majani hutupa ukijani usoni. Kitambaa cheupe kilichotandazwa upande mmoja, nje ya picha, kinatosha kurudisha mwanga.

Kichekesho cha mwili kipigwe kwa picha pana, kutoka unyayo hadi kofia, bila kukatwa katikati. Karani akiteleza kwenye dagaa, mtazamaji anataka kuona dagaa, mguu na anguko kwa pamoja. Mwongozaji akikata kwenda usoni katikati ya anguko, amekuibia kicheko. Uso uje baadaye, na mara nyingi si uso wa aliyeanguka. Uso wa anayemtazama huchekesha zaidi, kwa hiyo kila sini irudieni mara moja kamera ikiwa kwa msikilizaji peke yake. Halafu mwambie mwongozaji asiseme "kata" mapema. Sekunde mbili za kimya baada ya kituko ndizo mhariri atakazozihitaji. Jukwaani pale Mwanga, Kigoma, umezoea kusubiri watu wamalize kucheka ndipo uendelee. Mbele ya kamera hakuna anayecheka, na ukisubiri vile vile utaonekana umesahau maneno. Nafasi ya kusubiri unaiacha pale pale, ila unaijaza kwa kitendo: puliza mhuri, tafuta kidau cha wino, panga karatasi upya.

Vifaa usivihesabu kwa kituko kimoja. Kama karani anamgonga abiria mhuri kwenye paji la uso, mtarudia mara 4 au 5, na wino halisi wa mhuri hautoki kirahisi. Tumia rangi ya chakula iliyochanganywa na glisirini kidogo, na ijaribuni mkononi kwanza. Fomu za kugongwa mihuri chapisha 30. Mashati ya sini ya mawese nunua matatu yanayofanana kabisa, maana mawese yakishaingia kwenye shati hakuna sabuni. Kila sini ikiisha mtu mmoja apige picha ya meza na ya nguo zenu: mhuri upande gani, kalamu sikio lipi. Kalamu inayohama sikio kati ya picha mbili, watoto ndio huiona wa kwanza.

Sauti niiseme haraka, ingawa ndiyo hurudisha vipindi vingi kutoka vituoni. Maiki ya fimbo iwe karibu na mdomo, kama sentimita 60 kama picha inaruhusu. Msishuti ndani ya nyumba ya bati isiyo na dari wingu likishatanda. Injini za boti hamzizimi, basi sini za maneno pigeni mbali na maji, na picha pana za bandari mzichukue bila maneno. Kila mahali rekodini sekunde 30 za ukimya wa pale pale, mhariri ataziba nazo mianya. Kazi ya siku, kwa kiwango cha megabiti 50 kwa sekunde, ni kama gigabaiti 22 kwa kila saa iliyorekodiwa. Ihifadhini kwenye diski mbili, na diski mbili zilale nyumba mbili.

Hayo mengine ya maisha utayaona mwenyewe. Sokoni utaitwa Karani, msibani utaitwa Karani, na kuna atakayecheka ukiwa umebeba jeneza. Zoea. Ila koti la karani usilivae bure. Ukialikwa harusini kama mgeni, nenda na nguo zako, na ukitakiwa karani, kuna bei. Matangazo ya biashara yatakuja kabla ya kipindi cha kumi, na mkataba wa tangazo useme ni miezi mingapi, vyombo gani, na kama unazuiwa kufanya kazi na washindani. Kila malipo yakiingia, peleka fungu kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, kwa uchangiaji wa hiari na ukate bima ya afya. Mchekeshaji akilazwa, watu hudhani anaigiza, na hakuna idara ya utumishi itakayomtafuta.

Kwa sasa usisaini. Piga picha kila ukurasa wa mkataba, pamoja na viambatisho na hata migongo ya karatasi, unitumie. Kama wanasema kiambatisho kitakuja baadaye, waambie na sahihi nayo itakuja baadaye. Na miswada mitano ikiwa tayari, mpe nakala mtu anayepanda treni kuja huku, nitaisoma na saa mkononi. Akibeba na dagaa kidogo sitakasirika. Asali yako ipo, nimeshaifunga.

Wasalaam,
rafikiyo wa Tabora