Kaka, uliketi mapema mno

Kaka,

Simu zangu hupokei, na ujumbe niliokutumia unaonyesha umeusoma tangu Jumatatu. Basi nakuandikia hapa. Wakisoma na wengine, wasome.

Ile video ya harusi nimeitazama mara nne. Maharusi wamekwisha kukabidhiana Biblia badala ya pete, kama desturi yetu, nawe umeshika maikrofoni, suti ya kijivu, sauti ileile ya Baba. Ukaanza: kulikuwa na mwimbaji mmoja wa Marekani. Nilijua unakoelekea kabla hujafika. Ukasema mwaka 1957 alikuwa ziarani Australia, akaona moto ukipita angani, akavua pete zake akazitupa mtoni, akaacha muziki wa dunia, akaenda chuo cha Wasabato. Watu wakaitikia amina. Ukaketi.

Uliketi mapema mno. Hadithi hiyo uliitoa kwa Baba, na Baba hakuwahi kuikatia pale.

Yeye akisema "Richard" tu, kama anamtaja mtu wa Suji aliyesoma naye. Richard Penniman, ambaye dunia inamjua kwa jina la Little Richard, mtoto wa tatu kati ya kumi na wawili, kazaliwa Macon, Georgia, Desemba 1932. Unakumbuka Baba alivyokuwa akicheka akifika kwa baba yake Richard? Shemasi wa kanisa, na wakati huohuo anauza pombe ya magendo na ana kilabu chake. Mama alikuwa akiinuka na kwenda jikoni hapo. Mzee huyo alimfukuza mwanawe nyumbani kwa sababu ya mienendo yake, halafu mwaka 1952 akapigwa risasi nje ya kilabu hichohicho, akafa. Richard alikuwa na miaka 19. Akawa anaosha vyombo katika kituo cha mabasi cha Greyhound pale Macon ili nyumbani wale. Sehemu hii Baba aliisimulia polepole, na mimi nilidhani ni kwa sababu ya babu. Sasa nadhani alikuwa anatuangalia sisi wawili.

Kisha inakuja New Orleans, Septemba 1955, kwenye studio ya Cosimo Matassa. Asubuhi nzima nyimbo hazina uhai, mtayarishaji Bumps Blackwell kakata tamaa, wakatoka kwenda kula. Pale walipokwenda kula kulikuwa na piano na kulikuwa na watu. Richard akakiona kinanda, akawaona watu, akaanza kupiga wimbo wake mmoja wa vilabuni wenye maneno ya aibu. Akaitwa dada mmoja mtunzi, Dorothy LaBostrie, ayafue maneno. Wakarudi studio, na katika dakika chache za mwisho "Tutti Frutti" ikapatikana. Baba alikuwa akigonga meza kwa vidole vyote kumi kutuonyesha mkono wa kulia unavyofanya. Chai inamwagika. Wewe ndiye uliyekuwa ukicheka kuliko sote, kaka. Usikatae.

Halafu 1989.

Umerudi kutoka makambi ya kanisa, macho mekundu kwa kukesha. Una miaka ishirini na mbili, mimi kumi na mbili. Baba yuko shambani kwenye tangawizi. Ukaliburuta lile sanduku kutoka chini ya kitanda chake, santuri zote alizokusanya alipokuwa karani wa reli, akishuka Tanga, akishuka Mombasa, akienda Nairobi kwa tiketi ya bure ya kazini. Zilikuwa sitini na moja. Nilizijua kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kuzifuta vumbi. Ukaniambia lete mafuta ya taa na kiberiti. Nikaleta.

Hazikuwaka kama karatasi. Zililegea kwanza pembeni, zikajikunja kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni, ndipo ukatoka ule moshi mweusi unaonata kooni. Mpaka leo nikipita mahali wanachoma matairi nasimamisha gari.

Baba akaja na jembe begani. Hakupiga kelele. Akauliza neno moja: "Mmebakiza ngapi?"

Ukamjibu, "Hakuna, Baba."

Akatazama moto kidogo, akaenda kunawa miguu.

Alisema "mmebakiza." Hakusema "umebakiza." Wewe labda hukulisikia hilo. Mimi nalisikia kila siku.

Na moja ilibaki. Ilikuwa chini ya shati langu, imenikwaruza mbavu, ile ndogo ya "Long Tall Sally". Sikumpa Baba. Mwanzoni nilikuogopa wewe. Baadaye niliona haya kueleza kwa nini nimechelewa, na kila mwaka aibu ikaongeza mwaka mwingine, mpaka tukamzika. Mwaka 2003 nikamuuzia mtalii mmoja pale Moshi, elfu ishirini na tano. Ada ilikuwa inadaiwa, na wewe ulikuwa Dodoma unajenga, simu yako haipatikani hata wakati huo. Wewe ulichoma, mimi niliuza. Angalau kwangu kuna mtoto alirudi darasani. Tena, ni nani aliyenifundisha kwamba santuri za Baba si mali ya Baba?

Sawa. Naona ninavyojitetea. Lakini siwezi kumcheka Richard kwamba haki za "Tutti Frutti" aliziuza kwa dola 50, huku kwa kila santuri iliyouzwa akipata nusu senti. Pat Boone akauimba wimbo huohuo kwa sauti ya kijana wa Kizungu mwenye adabu, na kwenye chati ya nyimbo ya jarida la Billboard akampita. Mwenye njaa huuza kwa bei ya njaa.

Nilitaka kukushauri jambo moja tu. Ukiisimulia tena, ifikishe mwisho. Waambie kweli alijiunga na chuo cha Oakwood, Huntsville, akasomea Neno la Mungu, akaimba injili. Kisha waambie Oktoba 1962 alikwenda Uingereza kwenye ziara moja na mwimbaji mwenzake Sam Cooke, akifuatana na kijana wa miaka 16 aitwaye Billy Preston kwenye kinanda. Usiku wa kwanza akaanza na nyimbo za injili, ukumbi ukapoa. Aliporudi jukwaani kwa onyesho la pili alipiga "Long Tall Sally". Siku chache baadaye, kule New Brighton, vijana waliomtangulia jukwaani waliitwa Beatles, na Paul McCartney, mmoja wao, ule ukelele wa "wuu" aliutoa kwake. Waambie mwaka 1977, baada ya kufiwa na ndugu yake, akaacha tena akahubiri. Na katikati ya miaka ya themanini akarudi tena. Pete ukizitupa mtoni hazirudi, kaka, lakini vidole unabaki navyo.

Na hapa nakupa haki yako, usiseme nimeficha. Mwaka 2017 alikaa kwenye televisheni ya Wasabato akashuhudia imani yake. Alipofariki Mei 2020, miaka 87, alizikwa Huntsville, kwenye makaburi ya chuo kilekile. Kwa hiyo ukitaka kusema alikufa upande wako, sema. Mimi nakuuliza tu: ile miaka aliyokuwa upande wa Baba tuichome?

Habari ya msiba ule ndiyo siku ya mwisho uliyonipigia wewe kwanza. Ulisema, "Rafiki yake Baba kafa." Tukanyamaza muda mrefu, salio likakata. Ulilia, nilikusikia. Mbona kwenye harusi hukusema hivyo?

Suala la mwembe na mpaka wa kiwanja tuliache kwa sasa, nitalizungumza na shemeji.

Gramafoni ya Baba iko kwangu, mkanda nimebadilisha, sindano ni mpya. Nimetafuta ile santuri miaka miwili, nimeipata Nairobi kwa pesa ambazo sitazitaja kwa sababu mke wangu anasoma hapa. Ina mkwaruzo upande wa pili. Sijaipiga.

Njoo Jumamosi, jua likishazama, nisije nikakuharibia Sabato. Chai ya tangawizi itakuwepo. Mafuta ya taa siku hizi hatuweki ndani, lakini kiberiti ninacho.

Mdogo wako