Barua ya wazi kwa Waziri wa Leba: jua la Ghuba halimo kwenye mkataba

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye. Kazi yetu inaitwa jua kali, na miaka yote nilidhani jina hilo nalistahili. Hapa joto likipita nyuzi 30 tunalalamika, lakini jioni upepo wa ziwa unavuma na usiku mtu anatafuta shuka.

Mwanangu alipokwenda Kuwait kwa kazi ya mjengo, nilimwambia jua halitamshangaza. Nilimdanganya bila kujua. Nchi ile ilipima nyuzi 53.9 pale Mitribah, Julai 21, 2016. Julai yake ya kwanza alinipigia simu ya video saa nne usiku akiwa bafuni. Akafungua bomba la maji baridi, akatia kidole, akakichomoa mbio. Tangi liko juu ya paa, linapikwa na jua mchana kutwa. Akaniambia kule wakati wa kiangazi watu huzima hita, kisha huoga kwa bomba la maji moto, maana hayo angalau yameshinda ndani kivulini. Nilicheka. Halafu akanionyesha kiganja: malengelenge yamejipanga mstari mmoja, pale aliposhika chuma cha jukwaa na glavu iliyotoboka.

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa saba mchana, baba."

Hapo ndipo penye kilio changu. Kuwait inakataza kazi za juani kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni, Juni mpaka mwisho wa Agosti. Qatar, tangu 2021, ni saa nne asubuhi hadi saa tisa unusu, Juni 1 hadi Septemba 15. Saudi Arabia ni saa sita hadi saa tisa, kuanzia Juni 15. Mwanangu aliyajua haya mwezi wa pili, na aliyemwambia ni Mnepali aliyelala naye chumba kimoja. Wakala aliyempeleka, ambaye simtaji, alimfundisha kusalimia na kutunza pasipoti. Mkataba ulikuwa na mshahara, chakula na tiketi. Jua halimo.

Qatar wana pia kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, upepo na mwale wa jua, kikizidi 32.1, kazi husimama saa yoyote ile. Usikifananishe na nyuzi 32 za Kisumu. Jasho hupoza mwili pale linapokauka, na hewa ya pwani ya Ghuba ikishajaa unyevu, linatiririka bure tu. Kijana akianza kuropoka na kuyumba kazini, msimamizi humwita mvivu, kumbe ni wa kumwagiwa maji na kukimbizwa hospitali.

Ninachoomba si kikubwa, Mheshimiwa. Kabla mkataba haujapitishwa na ofisi zako, saa hizo ziandikwe humo, za nchi anayokwenda huyo kijana, kwa Kiswahili, na asomewe kabla hajatia saini. Mabinti wa kazi za nyumbani wana shida yao pia, kwa sababu mara nyingi sheria hizi haziwagusi. Anayetumwa kuosha gari uani saa saba hana pa kukimbilia. Hao muwaombee kifungu chao mnapoketi na serikali za kule.

Kijana wa jirani yangu anaondoka kwenda Doha mwezi ujao. Nimemwandikia saa za Qatar kwa biro, ndani ya jalada la daftari anamoweka nakala ya pasipoti. Chini yake nimeandika "Afisa wa leba, ubalozi wa Kenya, simu:" na mbele nikaacha nafasi.

Wako,
Fundi wa kuchomelea, Kisumu